Bei ya Bunduki Kuukuu: Kupima Thamani ya Silaha Iliyotumika Bujumbura na Kando ya Ziwa Tanganyika, 1858–2015

Utangulizi

Anayenunua baiskeli iliyokwisha kutumika hutazama mnyororo, magurudumu na fremu, akakisia miaka iliyobaki, kisha akataja bei. Kwa mtazamo wa haraka, bunduki iliyotumika ni bidhaa ya namna hiyo hiyo. Ina chuma kinacholika, mbao zinazopasuka, na mtutu ambao michirizi yake ya ndani hufutika kadiri risasi zinavyopita. Zipo nchi ambazo zimeipima hivyo hivyo. Nchini New Zealand, baada ya mauaji ya Christchurch ya tarehe 15 Machi 2019, serikali ilipiga marufuku sehemu kubwa ya bunduki za nusu-otomatiki, yaani zile zinazojipakia zenyewe na kutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Kisha ikachapisha orodha ya fidia. Kila aina ilipewa bei ya msingi. Iliyo mpya au karibu na mpya ililipiwa asilimia 95 ya bei hiyo, iliyotumika asilimia 70, na mbovu asilimia 25. Australia ilikuwa imepita njia inayofanana na hiyo baada ya mauaji ya Port Arthur ya Aprili 1996. Katika nchi zote mbili ilichukuliwa kwamba mwenye bunduki aliinunua dukani kwa mujibu wa sheria, na kwamba dola, inapoichukua mali yake, inadaiwa.

Bujumbura haijawahi kuwa na nafasi ya kutumia mizani hiyo. Makala haya yanadai kwamba katika mji huo, na katika njia za biashara zilizouzaa, bei ya bunduki kuukuu ilipimwa kwa mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyaona akiishika mkononi: risasi zake zinapatikana wapi, na ni mamlaka gani inayoiruhusu au kuiharamisha. Uchakavu wa chuma ulikuja mwisho. Hoja hii si ya wapenzi wa silaha. Baada ya vita vilivyoanza mwaka 1993, Warundi walilazimika kuamua nani alipwe nini kwa kuirudisha bunduki, na uamuzi huo ulifanywa bila mtu kusema waziwazi ni kitu gani hasa kilichokuwa kikinunuliwa.

Kutoka gobori hadi bunduki ya viasi

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji, Februari 1858, waliifuata njia ambayo wafanyabiashara wa pwani na Wanyamwezi walikuwa wameshaizoea. Bunduki ilikuwa imewatangulia wageni hao. Ilikuwa sarafu, ilikuwa ulinzi wa msafara, na ilikuwa kipimo cha hadhi. Katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, Tippu Tip mara nyingi huhesabu nguvu ya kundi kwa idadi ya bunduki zake kama vile mfugaji anavyohesabu ng'ombe.

Msamiati wa Kiswahili wenyewe ni kumbukumbu ya soko hilo. Gobori ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni. Bunduki ya gumegume huwashwa kwa cheche za jiwe. Bunduki ya fataki ilikuja baadaye, na baada yake bunduki ya viasi, inayopokea risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake. Ukiyapanga majina hayo kwa mfuatano, utaona kwamba hayasemi lolote kuhusu nchi ilikotengenezwa bunduki wala ubora wa chuma chake. Yanasema inalishwa nini na inawashwaje. Hilo ndilo swali ambalo mnunuzi wa Ujiji au Tabora alikuwa na haja ya kuuliza. Gobori lililochakaa liliweza kulishwa kwa baruti ya biashara na vipande vyovyote vya chuma. Bunduki ya viasi, hata ikiwa nzuri kuliko zote, iligeuka rungu siku viasi vilipokwisha.

Bidhaa hizo, kwa sehemu kubwa, zilikuwa mitumba. Majeshi ya Ulaya yalibadili silaha zao kwa kasi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Baada ya ushindi wa Prussia dhidi ya Austria mwaka 1866, bunduki za kushindilia kwa mdomo zilionekana hazifai kitu. Na Ufaransa ilipopokea bunduki ya Lebel yenye baruti isiyo na moshi mwaka 1886, zile za risasi mojamoja nazo zikawa takataka. Kila badiliko lilijaza maghala ya wafanyabiashara wa Ulaya. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia barani kila mwaka. Mwafrika wa bara aliyelipa pembe za ndovu kwa bunduki hizo alikuwa analipia kitu ambacho mwenye nacho wa kwanza alikwisha kukitupa. Hata hivyo, kusema kwamba alidanganywa ni kuharakisha mno. Palipokuwa na jirani mwenye mikuki, bunduki iliyoachwa na jeshi la Prussia ilikuwa bado na thamani kubwa.

Palikuwa na mipaka lakini, na mpaka mmojawapo ulikuwa Burundi. Mohammed bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alienea katika ufuo wa kaskazini wa ziwa katika miaka ya 1880, akashika Uzige, ambako Usumbura ingejengwa baadaye. Alipojaribu kupanda milimani, alizuiwa na watu wa Mwami Mwezi Gisabo, ambao silaha zao zilikuwa hasa mikuki, pinde na mishale. Katika ufuo bunduki ilikuwa na soko kwa sababu palikuwa na njia ya kuletewa baruti kwa mitumbwi na majahazi kutoka Ujiji. Juu mlimani, katika ufalme uliojipanga na usioitegemea njia hiyo, silaha ile ile haikumpatia mwenyewe kile alichokitarajia. Soko la bunduki lilikoma pale ulipokoma ufuo.

Sheria kama mpanga bei

Kuanzia mwaka 1890 sheria iliingia katika bei kwa namna iliyo wazi. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai mwaka huo, uliotangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia kuingiza silaha katika eneo lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Zuio hilo halikuwa sawa kwa silaha zote. Bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti na kupitia maghala ya serikali. Bunduki za shabaha, yaani zenye michirizi, za kujazwa nyuma na za viasi, zilibaki kwa majeshi ya wakoloni na kwa watu wachache wenye vibali vya binafsi.

Kwa hiyo michirizi ile ile ya ndani ya mtutu, ambayo fundi huitazama ili ajue bunduki imetumika kiasi gani, iligeuka kuwa mpaka wa kisheria. Upande mmoja wa mpaka huo ilikuwa bidhaa, upande wa pili ilikuwa kosa. Ni vigumu kupata mfano ulio bayana zaidi wa bei kutungwa mezani na watu ambao hawakuwa wauzaji wala wanunuzi. Adhabu ya kuuvuka mpaka huo ilionekana Januari 1895, pale Charles Stokes, mfanyabiashara wa Kiairishi aliyeishi miaka mingi na Wanyamwezi na kuuza bunduki kwa pembe, aliponyongwa na afisa wa Dola Huru ya Kongo, Lothaire, kwa tuhuma za kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo. Uingereza na Ujerumani zililalamika kuhusu namna kesi ilivyoendeshwa. Katika zogo hilo, watu ambao wangepigwa kwa bunduki hizo walitajwa kidogo sana.

Wajerumani waliijenga Usumbura kuwa kituo cha kijeshi mwishoni mwa miaka ya 1890. Askari wao nao walibeba vitu kuukuu. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa bado zinatumia Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi mojamoja na baruti nyeusi ambayo jeshi la Ujerumani lenyewe lilikuwa limeiacha muda mrefu. Kila ilipolia ilitoa wingu la moshi, na adui akajua mpigaji amejificha wapi. Ng'ambo ya Rusizi hali haikuwa tofauti sana: kwa miaka mingi Force Publique ya Kongo ilitumia Albini, ambayo Ubelgiji iliiweka kando ilipopokea Mauser yake ya mwaka 1889. Mwafrika aliyevaa sare alipewa mtumba sawa na Mwafrika aliyenunua kwa pembe. Tofauti ni kwamba huyu wa pili aliitwa mhalifu.

Vita hivyo vilithibitisha tena kanuni ya risasi. Ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 uliwapatia Wajerumani bunduki 455 za kisasa, lakini mali kubwa zaidi ilikuwa risasi 600,000 zilizotekwa pamoja nazo. Bila risasi hizo, bunduki za Waingereza zingekuwa mapambo. Juni 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura, na hadi uhuru wa Julai 1962 silaha ya moto katika Urundi ilikuwa, kwa kanuni, mali ya dola na ya watu wachache iliowapa kibali.

Bunduki inayojipakia, na mji uliogawanyika

Bunduki ya nusu-otomatiki iliingia Afrika ya Kati kama silaha ya majeshi. Kiwanda cha FN cha Herstal kilitengeneza ya kwake ya mwaka 1949, ambayo ilifika pia Kongo ya Kibelgiji, kisha kikatoa FAL iliyoenea katika majeshi mengi, likiwemo la Burundi. Kutoka upande wa mashariki ilikuja SKS iliyosanifiwa na Simonov mwaka 1945, yenye nafasi ya risasi kumi, ambayo China iliitengeneza kwa wingi kuanzia mwaka 1956. Tanzania imeipa SKS jina la SAR, na AK ikaitwa SMG. Majina hayo mawili bado yanasikika katika taarifa za polisi za mikoa ya mpakani, Kigoma ikiwa mojawapo. Warundi kwa lugha yao huiita inkoho tu, iwe ya aina yoyote.

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata viliigawa Bujumbura mtaa kwa mtaa. Kamenge na Kinama zilikuwa upande mmoja. Ngagara, Nyakabiga na Musaga upande mwingine. Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Waswahili na ya mchanganyiko wa watu, ilistahimili kwa muda, hadi mauaji ya Machi 1995 yalipoifikia nayo. Kila upande ulikuwa na vijana wenye silaha, na kila upande uliamini kwamba bila silaha hizo hautapona.

Katika miaka hiyo swali la zamani la Ujiji lilirudi likiwa na sura mpya: inalishwa nini? SKS na AK hutumia risasi moja, ya milimita 7.62 kwa 39. FAL hutumia nyingine, iliyo ndefu na yenye nguvu zaidi. Baada ya Julai 1994 silaha za jeshi lililoshindwa la Rwanda zilimiminika Kivu. Na mwaka 1996–1997 jeshi la Mobutu likasambaratika, likiacha maghala wazi. Waasi wa Burundi walikuwa na kambi upande wa Uvira, mwendo mfupi tu kutoka Bujumbura. Kwa mtu asiye na njia ya kufikia ghala la jeshi, SKS iliyopigwa na jua na mvua, kitako chake kikiwa kimefungwa kwa waya, ilikuwa na manufaa kuliko FAL safi. Mthamini wa New Zealand angezipanga kinyume. Mthamini huyo, hata hivyo, angeweza kuwa mahiri katika kazi yake na bado asielewe bei ya Bujumbura, kwa sababu kazi yake inaanza pale usalama wa mtaa ulipokwisha kuhakikishwa na mtu mwingine.

Jambo la namna hiyo lilikuwa limeshuhudiwa kwingineko. Jeshi la Idi Amin lilipokimbia mwaka 1979, ghala la kambi ya Moroto lilibebwa na wafugaji wa Karamoja, na bunduki iliyokuwa ikigharimu ng'ombe wengi ikaanza kushuka hadhi katika mizani ya ng'ombe. Chuma hakikuwa kimeharibika. Kilichobadilika ni idadi ya bunduki na umbali wa ghala.

Nani alipwe, na kwa ajili ya nini?

Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na makubaliano ya Novemba 2003 kati ya serikali na CNDD-FDD yakafungua mlango wa kuwarejesha wapiganaji uraiani, kazi iliyoanza Desemba 2004 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Hapo ndipo bei ilipopaswa kutajwa hadharani. Waliobuni mpango walikwepa kununua bunduki moja moja, na sababu yao ilikuwa ya maana: dola inayotangaza bei ya bunduki huwaita wauzaji kutoka nchi jirani, na kando ya Rusizi nchi jirani ni mwendo wa dakika chache. Badala ya silaha, alilipwa mtu. Mpiganaji aliyetambuliwa alipewa posho inayolingana na mshahara wa miezi 18, kwa mafungu.

Walinzi wa amani walikuwa na hesabu yao. Hawa walikuwa raia, wengi wao vijana wa vijijini, waliopewa bunduki na serikali yenyewe katika miaka ya vita ili walinde milima yao, kwa kawaida bila mshahara. Walipotakiwa kurudi nyumbani walipangiwa malipo ya mara moja ya faranga 100,000, ambazo wakati huo zilikaribia dola 100 za Marekani. Ikitazamwa kama bei ya bunduki, fedha hiyo haina maelezo: bunduki ilikuwa ya serikali, na hakuna anayelipwa kwa kurudisha mali ya mwenyewe. Ikitazamwa kama ujira wa miaka ya kukesha mlimani, ni ndogo kiasi cha kuaibisha. Ikitazamwa kama gharama ya kumfanya kijana asirudi msituni, ilikuwa bahati nasibu. Kwa kuwa haikusemwa ni ipi kati ya hizo, kila mpokeaji alichagua tafsiri yake. Manung'uniko yaliyofuata hayakutokana na uchoyo.

Nje ya mizani walibaki watu wengine. Mwanamke aliyewapikia wapiganaji na kubeba mizigo yao hakuwa na bunduki ya kuweka mezani, na ushahidi wake wa miaka aliyoipoteza haukuwa wa chuma. Familia iliyochomewa nyumba Kamenge au Ngagara haikuwa na cha kusalimisha. Mpango uliokusudiwa kutuliza vita uliwatambua kwanza waliokuwa na uwezo wa kuvirudisha. Huenda haukuwa na njia nyingine. Wapatanishi hulipa kwanza pale penye hatari. Lakini hiyo ni bei ya hatari, na neno haki lilibandikwa juu yake baadaye.

Silaha za majumbani zilikuwa tatizo la pili. Utafiti wa Small Arms Survey uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba kaya zipatazo 100,000 nchini zilikuwa na silaha. Sheria mpya ya silaha ndogo ilitoka Agosti 2009, na Oktoba mwaka huo raia walipewa muda wa kusalimisha bila kushtakiwa, kwa kupewa vitu badala ya fedha. Njia hiyo ilikuwa na jamaa yake Msumbiji, ambako tangu mwaka 1995 Baraza la Kikristo lilibadilisha bunduki kwa baiskeli, cherehani na majembe. Ubora wake ni kwamba kitu cha matumizi hakiwezi kwa urahisi kununua bunduki nyingine. Udhaifu wake ni kwamba aliyeleta guruneti lililoota kutu na aliyeleta silaha nzima walisimama foleni moja. Mtu mwenye busara aliweza kusalimisha ile mbovu na kuifukia ile nzima, na huyo hakuwa amekiuka mantiki ya soko hata kidogo.

Burundi ilikuwa pia imetia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, inayozitaka nchi wanachama kuweka alama na kumbukumbu kwenye silaha za dola. Alama hiyo ni namba inayochongwa kwenye chuma, ikionyesha nchi yenye silaha. Kwa mara ya kwanza jambo linaloathiri bei likawa linaonekana kwa macho.

Kisha ukaja mwaka 2015. Maandamano yaliyoanza Aprili katika Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na mitaa mingine yaligeuka kuwa mapambano na misako ya usiku. Tarehe 2 Novemba Rais Pierre Nkurunziza aliwapa wenye silaha siku tano kuzisalimisha, mwisho ukiwa Jumamosi tarehe 7, akiahidi msamaha kwa watakaotii. Safari hii hapakuwa na baiskeli wala faranga. Baadhi ya wakazi wa mitaa hiyo walifunga virago kabla ya Jumamosi kufika, wakahamia kwa jamaa katika mitaa mingine ya mji.